Oveni ya gesi ikigoma kuwaka: tafuta kwanza kinachogoma

Oveni ya gesi ikigoma kuwaka, wengi hukimbilia duka la vipuri kununua kiwashio kipya. Mara nyingi pesa hiyo hupotea bure, kwa sababu kiwashio ni sehemu moja tu ya kazi. Ili oveni iwake, cheche lazima iruke mahali pake, gesi ifike pale pale cheche inaporuka ikiwa na hewa ya kutosha, kisha kifaa cha usalama kikubali kuuacha moto uendelee. Kila kimoja kikiharibika kina dalili yake, na dalili hizo zinasomeka kwa macho na masikio kabla hujashika bisibisi.

Maelezo haya ni ya majiko yaliyozoeleka majumbani Arusha na Moshi: jiko la kusimama la upana wa sentimita 50, 60 au 90, pleti juu, oveni chini, gesi ya mtungi, na umeme wa kawaida wa volti 230 kwa ajili ya cheche na taa. Majiko yaliyotoka Marekani yana mfumo tofauti kabisa, nayo yana sehemu yake huko mbele.

Sekunde 15, si zaidi

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani. Inatulia chini: kwenye sakafu ya oveni, kwenye droo ya masufuria, chini ya kabati. Wala haihitaji kuwa nyingi. Ikifika kama sehemu 2 katika 100 za hewa, inashika moto.

Sasa piga hesabu. Oveni ya kawaida ina ujazo wa lita 60 hivi, kwa hiyo lita 1.2 za gesi zinatosha kuifikisha kwenye kiwango hicho. Kichomeo chake cha kilowati 2 na kidogo kinapitisha zaidi ya lita moja ya gesi kwa dakika. Ukibonyeza nobu dakika nzima mlango ukiwa umefungwa, huku ukisubiri cheche ishike, umeshatengeneza humo ndani mchanganyiko unaoweza kulipuka, na uso wako uko mbele yake. Ndiyo sababu mlango wa oveni lazima uwe wazi kabisa wakati wa kuwasha. Usibonyeze zaidi ya sekunde 15. Ikigoma, zima, acha mlango wazi angalau dakika moja, ndipo ujaribu tena.

Ukinusa gesi kabla hujawasha chochote, hakuna cha kujaribu. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usichomoe plagi, maana swichi yenyewe hutoa cheche. Subiri harufu iishe, kisha utafute panapovuja kwa povu la sabuni.

Jaribio la kwanza: cheche bila gesi

Washa pleti moja ya juu, halafu funga mtungi na uache moto ujizime wenyewe. Hapo gesi iliyobaki kwenye mpira imekwisha. Fungua mlango wa oveni, hakikisha nobu zote ziko kwenye sifuri, zima taa ya jikoni na uvute pazia. Kisha bonyeza kitufe cha cheche, au kama jiko lako linatoa cheche kwa kubonyeza nobu, bonyeza nobu ya oveni na uizungushe kidogo. Fanya hivi ukiwa umechuchumaa, macho yakiangalia ndani.

Kabla ya kulaumu chochote, thibitisha kwamba oveni yako ina pini ya cheche. Majiko mengi ya bei nafuu yana cheche kwenye pleti za juu tu, na oveni yake huwashwa kwa kiberiti kupitia tundu lililoko kwenye sakafu ya oveni. Kama chini ya bamba la sakafu huoni ile pini nyembamba ya chuma iliyotoka kwenye kauri nyeupe, ikielekea kwenye kichomeo, basi hakuna kilichoharibika. Jiko limetengenezwa hivyo.

Kama pini ipo, sikiliza. Cheche nzima ina mlio mkavu, wa haraka, unaofuatana sawasawa, na ukiiangalia gizani ni ya buluu inayoelekea kuwa nyeupe. Mlio mzito wa kusitasita, au cheche ya rangi ya machungwa iliyofifia, ni dalili kwamba umeme unapotelea njiani.

Kimya kila mahali

Pleti za juu kimya, oveni kimya: tatizo liko kabla ya pini. Anza na vitu rahisi. Taa ya oveni inawaka? Kama haiwaki pia, angalia plagi, fyuzi iliyo ndani ya plagi, na soketi yenyewe kwa kuchomeka kitu kingine. Ekstensheni iliyoungua ndani huonekana nzima kwa nje, kwa hiyo ijaribu jiko likiwa limechomekwa moja kwa moja ukutani. Baadhi ya majiko ya kujengea kwenye kaunta, na mengine ya mezani, hayatumii umeme wa ukutani. Yana betri moja ya volti 1.5 kwenye kikasha chini ya jiko. Betri ikiisha, cheche inaanza kuwa ya polepole, kisha inakoma. Ukibadilisha, kwangua kutu ya kijani kwenye vibati vya kikasha, vinginevyo betri mpya nayo itaonekana mbovu.

Umeme ukiwepo na bado kimya, wanabaki washukiwa wawili: swichi ndogo zilizo nyuma ya nobu, na boksi la cheche. Chomoa plagi kwanza. Boksi ni kidude cha plastiki chenye ukubwa wa kiganja, mara nyingi limefungwa nyuma ya jiko au chini ya bati la juu, lina nyaya mbili za umeme zinazoingia na nyaya kadhaa nene za mpira zinazotoka kwenda kwenye pini. Weka mita ya fundi umeme (multimita) kwenye kipimo cha mlio, gusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za swichi, kisha bonyeza nobu. Ikilia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia, swichi ni nzima. Rudia kwa kila nobu. Swichi zote zikiwa nzima na umeme unafika, boksi limekufa. Boksi huwa halitengenezeki, linabadilishwa. Chanzo kikubwa cha kifo chake ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Jiko likiwa halitumiki, kulichomoa kwenye soketi kunaliongezea boksi maisha.

Kuna na kinyume chake: cheche zinazolia zenyewe bila kukoma hata hujashika kitu. Hiyo ni swichi iliyoingia maji au mchuzi uliofurika. Chomoa plagi, ng'oa nobu, acha pakauke kwa siku nzima. Usipulizie dawa ya kusafishia moja kwa moja kwenye paneli ya nobu. Lowesha kitambaa, kamua, ndipo ufute.

Juu zinaruka, oveni hapana

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na habari njema ni kwamba umeme, swichi na boksi kwa kawaida viko salama. Pini zote hupata cheche kutoka boksi moja kwa wakati mmoja. Ikikosa ya oveni peke yake, kosa liko kwenye pini ya oveni, waya wake, au tundu la boksi unapochomekwa waya huo. Ili kulitenga tundu, chomoa waya wa oveni na wa pleti moja kwenye boksi, vibadilishane mahali (plagi ikiwa imechomolewa), kisha ujaribu tena. Ubovu ukihamia kwenye pleti, tundu la boksi ndilo bovu. Ukibaki kwenye oveni, shuka chini. Zingatia kwamba kwenye baadhi ya maboksi pini mbili hushirikiana koili moja (waya uliozungushwa ndani ya boksi unaotengeneza cheche), kwa hiyo waya uliokatika wa oveni unaweza kudhoofisha na pleti mojawapo.

Kufika kwenye pini, toa trei na raki, kisha bamba la sakafu ya oveni. Linashikiliwa na skrubu mbili, nyuma au mbele, na kwenye jiko la zamani skrubu hizo zimeungua na mafuta. Zidondoshee mafuta ya kulegeza kutu, subiri robo saa, tumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa. Ukiharibu kichwa cha skrubu hapo, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Yafute mafuta yote uliyodondosha kabla ya kuwasha moto.

Ukishaondoa bamba utaona kichomeo, yaani bomba lenye vitundu vingi, na ubavuni mwake vitu viwili vilivyosimama jirani. Kimoja kina kauri nyeupe na waya mnene: hiyo ni pini ya cheche. Kingine ni kijiti cha chuma kitupu chenye mkia mwembamba wa shaba: hiyo ni themokapo, sehemu ya kile kifaa cha usalama. Usivichanganye, maana hata madukani huchanganywa.

Angalia kauri kwa tochi, pande zote, hasa pale inapokutana na kibati kinachoishikilia. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuua cheche, kwa sababu umeme huo, wenye maelfu ya volti, huchagua njia fupi. Ukipata ufa, hupitia hapo kwenda kwenye bati na haufiki ncha. Gizani utaiona cheche ikiruka kwenye ufa. Gundi haisaidii. Badilisha pini. Kauri ikiwa nzima lakini imefunikwa na mafuta yaliyoungua, ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha kitu chochote. Ncha ya chuma isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae.

Nafasi kati ya ncha na kichomeo iwe milimita 3 hadi 5. Ikizidi, cheche inashindwa kuruka au inaruka mara moja moja. Ikipungua, inaruka lakini ni fupi mno, haifiki kwenye gesi. Kurekebisha, kunja kibati kinachoishikilia pini, au ncha ya chuma yenyewe kwa koleo jembamba huku ukiishika chini ya pale unapokunja. Usiitumie kauri kama wenzo, inavunjika bila onyo.

Kisha fuata waya kutoka kwenye pini hadi boksi. Mpira wake ukigusa bati lenye moto huungua, na panya nao huupenda. Waya uliochubuka haufai kufungwa kwa utepe wa kawaida wa umeme, maana utepe huo huyeyuka kwa joto la oveni na cheche hupenya. Nunua waya wenye mpira wa silikoni, au pini inayokuja na waya wake.

Cheche ipo, moto hakuna

Cheche nzuri ya buluu inaruka, unabonyeza nobu, na hakuna kinachotokea. Hapo gesi haifiki, au inafika vibaya.

Fungua mtungi na uwashe pleti kubwa ya juu. Ukiwa umetoka kubadilisha mtungi, mpira umejaa hewa, na pleti ndiyo mahali salama pa kuitoa, si oveni iliyofungika. Pleti ikiwaka kwa nguvu, iache, kisha fungua mlango wa oveni, washa njiti ndefu, isogeze kwenye kichomeo, ndipo ufungue gesi ya oveni. Uangalie moto wa pleti: ukinywea mara tu oveni inapofunguliwa, mtungi uko mwishoni au regulata haipitishi gesi ya kutosha. Regulata ya jiko la nyumbani hutoa presha ya milibari 28 hadi 30, na namba hiyo imeandikwa juu yake. Zile regulata zenye mkono wa kuongeza presha, za majiko makubwa ya migahawa na mama lishe, hazifai hapa kabisa. Zinaharibu valvu za jiko na kuurusha moto mbali na kichomeo.

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, Arusha huleta malalamiko yake. Mtungi uliolala nje usiku, ukiwa umebaki na gesi kidogo, unatoa mvuke kwa shida asubuhi, na ukivuta gesi nyingi kwa pamoja, oveni na pleti tatu, mtungi wenyewe unazidi kupoa mpaka unatoa jasho au barafu nyembamba kwa nje. Usiumwagie maji yanayochemka, usiusogeze karibu na moto, usiulaze. Uweke wima, mahali pasipo na upepo wa baridi lakini penye hewa, na upunguze pleti zinazowaka kwa wakati mmoja.

Presha ikiwa sawa na bado oveni haipati gesi, nenda kwenye nozeli. Ni kiskrubu cha shaba chenye tundu dogo, kinachoingiza gesi kwenye mdomo wa bomba la kichomeo. Kichwani ina namba, na namba hiyo ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita: 75 ni milimita 0.75. Kwa oveni inayotumia gesi ya mtungi, tarajia namba kati ya 65 na 90, kutegemea ukubwa wa kichomeo. Ukikuta inazidi 100 kwenye oveni ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa jiko lilitoka kiwandani likiwa limetayarishwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo presha yake ni ndogo zaidi. Jiko la namna hiyo likiunganishwa na mtungi hutoa moto mrefu wa njano, masizi, na huwaka kwa kishindo. Linahitaji nozeli nyingine, na kwa kawaida kwenye mfuko wa karatasi uliokuja na jiko jipya huwa kuna seti yake. Wengi huutupa mfuko huo pamoja na katoni la jiko.

Nozeli iliyoziba isafishwe kwa kulowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha ipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Usitumie sindano, waya wa chuma wala keekee. Shaba ni laini. Ukilipanua tundu hata kwa sehemu ndogo ya milimita, umeongeza gesi, na moto hautakuwa wa buluu tena. Wakati nozeli iko nje, chungulia ndani ya bomba la kichomeo kwa tochi. Buibui hutega utando humo, na nyigu hujenga vidonge vyao vya udongo, hasa kwa jiko lililokaa stoo. Utando hauzibi gesi, ila unaipindua ielekee nyuma, na matokeo yake ni moto unaowaka pale kwenye nozeli badala ya kwenye vitundu. Pitisha brashi ya chupa.

Inawaka kwa kishindo

Hii tunaiweka peke yake kwa sababu watu huizoea. Oveni inachelewa, halafu inashika kwa mlio wa "bup" na mlango unatikisika. Usiizoee. Maana yake ni kwamba gesi imejikusanya kabla ya cheche kuifikia, na siku mchelewo ukirefuka, "bup" hiyo inakuwa mlipuko.

Sababu ya kwanza ni vitundu vya kichomeo vilivyo jirani na pini kuziba kwa kutu au mafuta ya nyama. Gesi inatoka mbali, cheche inaruka pale pasipo na gesi. Toa kichomeo, sugua vitundu kwa brashi ya nyuzi za shaba au mswaki mgumu, kipige taratibu kwa kiganja ili kutu itoke, kipulize. Baada ya hapo moto unapaswa kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya sekunde 2 au 3 bila kuruka pengo. Sababu ya pili ni pini iliyokaa pembeni ya vitundu badala ya kuwa mbele yake. Sababu ya tatu ni hewa.

Kwenye mdomo wa bomba la kichomeo kuna kibati kinachozunguka au kusogea, kinachofungua na kufunga dirisha la hewa. Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, umetulia. Njano nyingi na masizi vinaonyesha hewa haitoshi: fungua dirisha milimita moja au mbili, kaza skrubu yake, jaribu. Moto unaonguruma na kuinuka mbali na vitundu umezidiwa na hewa: punguza. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Moshi, kwenye mita 800 hadi 900, tofauti ni kama asilimia 10. Jiko lililokuwa linawaka vizuri Dar es Salaam likipandishwa huku linaweza kuanza kutoa ncha za njano bila kuharibika chochote. Dirisha la hewa ndilo dawa yake.

Inawaka, ukiachia nobu inazima

Kiwashio hapa hakina kosa hata kidogo. Kimeshamaliza kazi yake. Tatizo ni themokapo na sumaku yake. Ncha ya themokapo ikipata moto huzalisha umeme mdogo sana, milivolti 20 hadi 30, ambao husafiri kwenye mkia wa shaba hadi kwenye valvu na kuishikilia sumaku iliyoifungua gesi. Moto ukizimika, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Ndiyo sababu unatakiwa kushikilia nobu sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kuwaka: unaipa ncha muda wa kupata joto.

Kabla ya kununua themokapo, ng'oa nobu ya plastiki na ubonyeze mhimili wa chuma moja kwa moja kwa koleo, hadi mwisho wake. Moto ukibaki, nobu yenyewe ndiyo mbovu. Imepasuka au imelika ndani, haifikishi mhimili chini. Jaribio hili halikugharimu kitu na huokoa watu wengi.

Moto usipobaki, angalia ncha. Sentimita moja ya juu ya themokapo inatakiwa iwe ndani ya moto wakati wote. Mara nyingi imesogea tu, imegongwa na trei au wakati wa kusafisha. Irudishe, ifute masizi kwa msasa laini, kaza kibati chake. Kisha fuata mkia hadi nyuma ya valvu: kuna nati ndogo au kichomeko. Kifungue, futa sehemu ya kugusana kwa karatasi kavu, rudisha. Nati ikazwe kwa vidole hadi ifike, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Ukiizidisha unaiponda ncha laini iliyo ndani na umeme hautapita tena.

Mwenye mita anaweza kupima: mkia umefunguliwa kwenye valvu, nobu imebonyezwa, ncha iko motoni kwa dakika moja. Milivolti zaidi ya 20, themokapo ni nzima, kwa hiyo mshukiwa ni sumaku ya valvu. Chini ya 10, ibadilishe. Ukienda dukani, beba ya zamani mkononi. Zinatofautiana urefu, kuanzia sentimita 60 hadi zaidi ya mita moja, na zinatofautiana mwisho: nyingine nati, nyingine kibati cha kuchomeka. Fupi haiungwi, na ndefu haikunjwi kwa pembe kali. Izungushe kwa duara pana.

Fundi akikwambia "tuiondoe hiyo, jiko litafanya kazi bila hiyo", mkatalie. Anachotaka kuondoa ndicho kinachofunga gesi upepo ukizima moto usiku.

Tofautisha hilo na oveni inayowaka vizuri kwenye moto mkubwa, kisha inazimika ukipunguza au ukifunga mlango kwa nguvu. Hapo moto mdogo umewekwa chini mno. Kwenye valvu, karibu na mhimili au ndani yake, kuna skrubu ndogo ya moto mdogo. Kwa gesi ya mtungi kiwanda huagiza ikazwe hadi mwisho. Ikiwa imekazwa na bado moto unazimika, tundu lake limeziba na linahitaji kusafishwa.

Majiko ya Marekani

Wageni wanaohama huuza majiko yao, na mengine huingia kwa makontena. Haya kwa kawaida hayana cheche kwenye oveni. Yana kijiti kinachowaka chekundu kama mkaa, nacho kimeunganishwa na valvu ya gesi kwenye njia moja ya umeme. Kijiti kikipata joto, umeme unaopita unaongezeka, na valvu hufunguka pale tu umeme huo unapofika kiwango chake: ampia 3.2 hadi 3.6 kwa kijiti bapa, 2.5 hadi 3.0 kwa cha mviringo. Kwa hiyo kijiti kinaweza kuwaka, ukakiona kwa macho yako, na bado kikawa kimechoka. Kikizidi sekunde 90 bila gesi kufunguka, kibadilishe. Watu hununua valvu hapo bila sababu, na ndiyo kipuri cha gharama zaidi.

Majiko haya yanatumia volti 120. Ukichomeka kwenye 230 moja kwa moja, kijiti kinakatika papo hapo. Transfoma ya kushusha iwe ya wati 750 au zaidi, maana kijiti peke yake kinakula kama wati 400. Pima volti zinazotoka wakati kijiti kinawaka, si kabla. Transfoma dhaifu huonyesha 120 ikiwa haina mzigo, kisha hushuka hadi 100, na oveni inachelewa kama vile kijiti ni kibovu. Kijiti kipya usikiguse kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi hukipasua kikipata moto. Kishike kwa kauri. Nyaya ziunganishwe kwa viunganishi vya kauri. Na umeme ukikatika, oveni hii haiwashwi kwa kiberiti, kwa sababu valvu haiwezi kufunguka bila umeme.

Oveni ya cheche, kwa upande wake, inaweza kuwashwa kwa kiberiti vizuri tu. Fungua mlango, washa njiti ndefu kwanza, isogeze kwenye tundu la sakafu ya oveni, ndipo ubonyeze nobu. Moto kwanza, gesi baadaye, kamwe si kinyume.

Kurudisha na kujaribu

Kila ulipofungua njia ya gesi, paka povu la sabuni mtungi ukiwa wazi na nobu zote zimefungwa. Usisahau mpira unapoingia kwenye regulata na nyuma ya jiko, ambako klipu hulegea. Ili kujaribu nozeli ya oveni, angalia kama imekaa sawa kwenye uzi wake, maana iliyoingia kombo huvuja pembeni na kuwaka pasipotakiwa.

Usirudishe bamba la sakafu kwanza. Washa mara tatu likiwa nje, uone moto unavyokimbia na ncha ya themokapo inavyokuwa nyekundu. Kisha rudisha bamba, funga mlango, na uache oveni iwake kwenye nyuzi 200 kwa nusu saa. Izime, fungua mlango kwa dakika moja, uiwashe tena ikiwa bado ya moto. Hitilafu nyingi hujificha kwenye jiko la baridi na kujitokeza kwenye joto: ufa wa kauri hufunguka chuma kinapotanuka, na sumaku iliyochoka huachia ikipata moto. Ikigoma hapo tu, rudi kwenye pini kama hakuna cheche, na kwenye sumaku ya valvu kama cheche ipo na moto unakatika. Boksi la cheche liache lilivyo.